Bidii na Mkanda



Magari mengi yatokayo Japani hayana gia za kupandisha na kushusha. Mkanda wa chuma huzunguka kati ya puli mbili. Puli zikitanuka na kubana, mwendo hubadilika bila mshtuko. Lakini nguvu ikizidi uwezo wa puli kubana, mkanda huteleza na chuma hukwaruza chuma.

Kijana mmoja wa shirika letu aliongeza nguvu ya injini ya gari la namna hiyo. Baada ya miezi michache injini ilinguruma mlimani, magurudumu yakasuasua. Fundi alisema: injini ni nzima, mkanda ndio uliochakaa, maana haukuundwa kubeba nguvu hiyo.

Katika kufundisha wakatekumeni nimewaona wengi hivyo: kwaya, mikesha na ziara za wagonjwa kwa pamoja, kisha kimya. Hawakukosa moto. Walikosa kiufikishacho barabarani: sala ya kila siku, mafundisho, mshauri wa roho. Mtume Paulo naye aliwaandikia Warumi juu ya bidii pasipo maarifa.

Basi aliyenyamaza msimhesabu amepotea. Injini yake ingali nzima. Mwendeeni nyumbani, mkasali naye polepole.