Nilipaka Mafuta, Akalipa Fundi

Kelele iliisha Jumamosi jioni, nami nikaingia kuoga nikipiga mluzi. Wiki nzima breki ya mbele ya pikipiki yangu ilikuwa ikilia kama mbuzi aliyefungwa. Nikikaribia geti la shule watoto wanaziba masikio na kucheka. Pedi zilikuwa mpya. Alizifunga kijana mmoja mwenye kijiwe chini ya mkungu, hapa Ngamiani, na nilikwishaanza kumsemasema kuwa hajui kazi.

Tanga tunaishi na chumvi ya bahari. Pikipiki ikilala nje usiku mmoja wa mvua, asubuhi unakuta diski imeshika kutu nyembamba ya rangi ya chungwa. Nikaiona, nikajiambia adui ndiye huyu. (Siye. Kutu ya usiku mmoja hutoka yenyewe ukibana breki mara tatu nne.) Ndani nilikuwa na kopo la mafuta ya kupulizia, yale ya kulegeza nati zilizoganda. Nikapuliza diski pande zote mbili, nikazungusha gurudumu, nikapuliza tena, nikafuta kwa fulana kuukuu. Diski ikang'aa kama sahani ya sikukuu. Nikazunguka nayo uani polepole: kimya.

Na mimi ni mwalimu wa sayansi. Nimesimama mbele ya watoto miaka 11 nikiwaeleza kwamba msuguano ndio unaosimamisha gari na kwamba mafuta hupunguza msuguano. Nimewatungia mitihani juu ya jambo hilohilo. Breki ya diski haina uchawi wowote: pedi mbili zinabana sahani ya chuma, mwendo unageuka joto, chombo kinasimama. Mtoto wa darasa la sita angenikataza.

Jumapili asubuhi nilimpakia mke wangu tukielekea Raskazone kumjulia hali shangazi yake. Mbele yetu kulikuwa na mzee wa baiskeli, amebeba madafu matenga mawili, akapunguza mwendo ili akate kulia. Nikabana breki ya mbele. Mkono wa breki ulikaza vizuri kabisa, mgumu kama siku zote, ila pikipiki haikusikia. Mpaka mguu ukumbuke breki ya nyuma, tumeshamvaa. Madafu yalitawanyika barabarani, mengine yakatumbukia mtaroni. Mke wangu alichubuka kiwiko. Mzee alianguka kwa ubavu, akainuka taratibu, akajikung'uta kikoi, akaitazama pikipiki badala ya kunitazama mimi.

"Mwanangu, chombo hiki hakina breki?"

"Ni fundi, mzee wangu. Fundi ndiye kaiharibu. Nitamdai, nikuletee hela yako."

Nilisema hivyo kabla hata ya kumpa pole. Mpaka hapo nilikuwa mjinga tu. Uongo ulianzia pale, nami nikaukuza.

Jumatatu jioni nilifika kijiweni sauti iko juu. Bodaboda kama sita walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakisubiri abiria. Nikasema nilikuwa nusura niue mtu, nusura nimuue mke wangu. Kijana hakujibu kitu. Akachukua spana, akafungua kalipa inayobana pedi, akatoa pedi moja, akaigeuza juani. Uso wa pedi ulikuwa mweusi, unameta kama kioo. Akainusa.

"Mwalimu, kuna kitu umepuliza hapa?" Aliuliza kwa sauti ya chini, nadhani ili wenzake wasisikie.

"Nipulize nini? Mimi si fundi. Fundi wewe."

Wale bodaboda wakacheka. Mmoja akasema, mrudishie mwalimu hela yake. Kijana akafungua kasha lake akatoa pedi nyingine, za shilingi 7,000, na hakunidai hata senti.

Nikasimama pale nikamtazama akifanya kazi, na kila ninachojua leo juu ya breki hizi nilikiiba siku ile. Zile pedi za zamani alizitupa. "Hizi zimeshakunywa," alisema. Msasa husafisha uso tu, mafuta yamejificha ndani na joto litayatoa tena. Diski aliiosha kwa maji ya moto na sabuni, akaikausha, kisha akaifuta kwa spiriti na kitambaa safi cha pamba, akigeuza kitambaa kila mara mpaka kikatoka cheupe. Halafu akachukua mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, akasugua vichwa vya pistoni kabla ya kuzisukuma ndani. Hapo hakuwa na haraka hata kidogo. Mchanga ukiingizwa na pistoni hukwaruza na kula sili, na sili ikiliwa mafuta ya breki yanavuja, tena yanavujia kwenye pedi. Pini ambazo kalipa hutelezea alizipaka grisi isiyodhuru mpira, kidogo kuliko punje ya mchele. Grisi haikugusa kitu kingine.

Mafuta ya breki yenyewe yalikuwa meusi kama chai ya rangi, akaniambia niyabadilishe, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewani. Alisema kweli: mafuta mapya ya breki ya aina ya DOT 4 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 155, na mji wetu una unyevu wa kugawa.

Kabla ya kunipa ufunguo aliubana mkono wa breki mara nyingi mpaka ukakaza. Pistoni zikisharudishwa ndani zinakaa mbali na diski. Asiyefanya hivyo hubana mara ya kwanza akakuta mkono umelala. Akaniagiza siku za mwanzo nisibane kwa nguvu, pedi zizoeane kwanza na diski. Zikilia kidogo, alisema, nisiogope.

Nikaondoka bila asante.

Kijiwe kile kilikuwa kinaishi kwa maneno ya bodaboda, na maneno niliyoyaacha pale yalikuwa ya mwalimu mzima. Baada ya miezi michache nilipita nikakuta chini ya mkungu panauzwa mihogo. Sijui kama ni kwa ajili yangu. Sikuuliza, nami nilikuwa nimeshahamia kwa fundi mwingine kwa kumkwepa.

Mwaka jana nikasikia yuko Mabawa, ana fremu yake. Nikaenda mchana makusudi, wateja wamejaa, kwa sababu na lile tusi nilimtolea mbele za watu. Nikasema yote, kopo, fulana, uongo. Akaendelea kufunga nati aliyokuwa akiifunga.

"Nilijua, mwalimu. Ilikuwa inanuka." Kisha akaongeza: "Pedi elfu saba, na ufundi elfu tatu."

Nikampa elfu kumi.

Mzee wa madafu bado namtafuta. Ana baiskeli nyeusi yenye matenga mawili, hupita njia ya Raskazone asubuhi. Anayemfahamu amwambie kwamba deni lake liko kwangu, si kwa fundi.