Njia ya Mbozi Mission na Mgongo wa Mwalimu Wetu

Atokaye Tunduma kwenda Mbozi Mission huianza safari yake katikati ya malori. Mji huu wa mpakani, unaotazamana na Nakonde ya Zambia, ni lango la barabara kuu itokayo Dar es Salaam, na hata baada ya kuzinduliwa kituo cha pamoja cha forodha mwaka 2019, foleni za magari makubwa hazijageuka hadithi ya kale. Mwenye pikipiki hujipenyeza pembeni akimeza moshi mpaka aipite Mpemba, ambako barabara ya Ileje huchepuka. Hapo kifua hupata nafasi. Mahindi na maharage hutokea pande zote mbili, kisha migomba na kahawa, hadi Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Nyanda hizi ziko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi ya asubuhi hupenya kanzu kana kwamba mtu hakuvaa kitu.

Wageni wengi huijua Mbozi kwa ajili ya kimondo, lile pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka mbinguni na kulala Ndolezi. Sisi tunaijua kwa njia nyingine. Mbozi Mission ni jina linalojieleza: Wamoraviani walifungua kituo chao hapo mwaka 1899 wakiongozwa na Mjerumani Traugott Bachmann, mtu aliyejifunza Kinyiha kiasi cha kukifasiria Agano Jipya. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwani wapo walinganiaji wetu wanaokaa miaka kumi mahali bila kujifunza hata salamu za wenyeji. Hospitali ya Wamoraviani ingalipo, na Waislamu wachache wa eneo lile, pamoja na wagonjwa wetu watokao mbali, hutibiwa humo kama wengine.

Ni kwa ajili ya Waislamu hao wachache kwamba kamati yetu ya msikiti iliamua kupeleka mwalimu kila Jumamosi ya pili. Watoto walikuwa kumi na mmoja, wa wafanyabiashara wadogo na vibarua wa kahawa, na hapakuwa na wa kuwafundisha hata Al-Fatiha kwa makhraji sahihi. Mwalimu tuliyenaye ni mzee anayekaribia miaka sabini. Kipando tulichonacho ni pikipiki ya cc 150 kama zile za bodaboda, iliyotolewa wakfu na mfanyabiashara mmoja kwa ajili ya kazi ya madrasa. Tulimpakia mzee nyuma, tukasoma dua ya kipando, tukaondoka. Tulifanya hivyo kwa miezi minne na tulijiona tunafanya jambo jema.

Mzee hakulalamika hata mara moja. Tulipomuuliza habari za safari alijibu, "Alhamdulillah, Katibu, tumefika." Kisha ikatokea Jumapili moja alfajiri tukamwona amevuta kiti na kuswali ameketi. Hatukuthubutu kumuuliza msikitini. Ni mkewe aliyetueleza baadaye kwamba kila baada ya safari ya Mbozi mumewe hulala siku mbili akikandwa kiuno kwa maji ya moto, na kwamba ganzi ya miguu humpanda hadi mapajani. Mtu aliyefundisha nusu ya mji huu kusimama katika swala alikuwa hawezi kusimama, na sababu ilikuwa kiti chetu.

Jambo lilifika mbele ya kamati. Mjumbe mmoja, mtu mwadilifu ambaye hatuwezi kumlaumu kwa uchungu wake juu ya mali ya msikiti, alisema kwamba fedha za waumini si za kununulia starehe, na kwamba masahaba walisafiri juu ya ngamia. Tulimjibu kwa heshima kwamba ngamia naye hutandikwa. Tukamkumbusha habari ya Abdullah bin Amr (r.a.), aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, mpaka Mtume (s.a.w.) akamrudisha kwenye wastani na kumfahamisha kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa mwili una haki juu ya mwenyewe anayeuchosha kwa ibada, basi una haki kubwa zaidi juu ya watu wengine wanaouchosha kwa niaba yake. Mwishowe tulikubaliana kwamba matengenezo yatoke mfuko wa madrasa, si wa ujenzi, kwa kuwa mtoa wakfu alikusudia pikipiki imfikishe mwalimu, na mwalimu asiyeweza kufundisha hajafikishwa.

Hapo tukafanya kosa ambalo tungependa wengine waliepuke. Tulikata kipande cha godoro laini, unene wa kiganja, tukakifunga juu ya kiti kwa mpira. Dukani kilikaa kama mto wa bwana harusi. Kabla ya kufika Vwawa kilikuwa kimebonyea chote, na mzee alikuwa amekalia chuma kama zamani, ila sasa akiteleza mbele na kutusukuma juu ya tangi kila tuliposhika breki.

Fundi wa kushona viti tuliyemwendea alikicheka kipande chetu. "Shehe, laini si starehe," alisema. Alitueleza kwamba mtu hukalia mifupa miwili ya nyonga, na sponji laini huiacha mifupa hiyo izame mpaka chini. Kinachofaa ni sponji ngumu iliyoshikana, pana upande wa makalio, na juu yake tabaka jembamba tu la laini. Tena kiti kisiinamie mbele. Aliivua ngozi ya zamani, akalijaza bonde lililokuwa limechimbika kwa miaka, akasawazisha mteremko na kushona ngozi bandia isiyoteleza. Gharama ilikuwa shilingi 35,000, na tunakiri kwamba tungeanza na yeye tusingepoteza godoro.

Ila kiti peke yake hakikutosha. Shokapu za nyuma zina pete yenye meno chini ya springi, nayo huzungushwa kwa ufunguo wake ili kukaza au kulegeza springi kulingana na uzito. Pikipiki yetu ilikuwa imelegezwa kwa mtu mmoja tangu siku iliyotoka dukani. Watu wawili wakipanda, springi hushuka hadi mwisho, na kila shimo humfikia abiria kiunoni kama nyundo. Tulikaza pande zote mbili kwa meno sawa, na tofauti tuliiona kabla ya kutoka mtaani. Kwenye tairi tulikuwa tumekosea kinyume chake. Vijana wetu hujaza upepo hadi tairi lilie kama ngoma, wakidhani ndiyo nguvu, ilhali kitabu cha pikipiki hutaja kipimo cha tairi la nyuma kwa mtu mmoja na kingine kwa wawili. Tairi lililojazwa kupita kiasi hurusha kila kokoto, na tairi likipungukiwa upepo huku limebeba wawili hupata moto na kuharibika. Sasa hatuondoki bila kupima, tena tairi likiwa bado la baridi.

Magoti ya mzee yalihitaji kitu kingine. Vikanyagio vya abiria viko juu mno kwa mtu mzima, naye hukaa amejikunja kama aliyechuchumaa, damu isipite. Fundi wa kuchomelea alivishusha inchi mbili, akihakikisha havigusi bomba la moshi wala ardhi pikipiki inapolala kwenye kona. Kwenye keria akaweka egemeo dogo lililovishwa sponji. Egemeo hili ndilo mzee alilolishukuru kuliko yote, kwa sababu mikono yake sasa haina kazi ya kumng'ang'ania dereva safari nzima. Kwa upande wa dereva palikuwa na dogo la kufanya: usukani ulizungushwa kidogo nyuma ili viganja vikae sawa na mikono bila kukunja vifundo, na mnyororo uliolegea ukakazwa, maana ulikuwa ukitupa pikipiki mbele kila gia ilipobadilishwa.

Tuseme neno pia juu ya mavazi, kwani gazeti hili husomwa na walimu wa madrasa. Kanzu na mnyororo havipatani. Mzee sasa huvaa suruali nzito, hukunja kanzu yake na kuitia ndani ya jaketi lililofungwa hadi shingoni, na huivaa upya akifika. Kofia ngumu ni mbili, moja ya kila mtu, wala kilemba hakishiki nafasi yake. Na tunasimama Vwawa kila safari, hata tukiwa tumechelewa, tunashuka, tunatembea hatua mia hivi na kunywa maji. Mwili uliokaa mkao mmoja kwa muda mrefu hufa ganzi juu ya kiti chochote, kiwe kizuri namna gani.

Kijana mmoja aliwahi kutuuliza kama kwa safari hii twaweza kufupisha swala. Umbali wetu haufiki marhala mbili, hivyo Adhuhuri tunaiswali Mbozi rakaa nne kamili. Jumamosi ya kwanza baada ya matengenezo hayo tulimtazama mzee kwa kificho. Tulipoiacha lami na kuingia njia ya ndani alikuwa kimya, na moyo wetu ulidunda, tukidhani ukimya ule ni ule ule wa zamani. Tulipofika alishuka mwenyewe, akakung'uta vumbi, akavaa kanzu. Watoto walikuwa wamemtolea kiti kama walivyozoea. Alikiweka pembeni, akapanga safu, akaswalisha amesimama rakaa zote nne.

Tulipokuwa tunarudi alituambia kwa sauti ya kushindana na upepo, "Katibu, mngeniuliza mapema ningesema." Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumemuuliza mara nyingi kama amefika, na hatukuwahi kumuuliza amefikaje.

Watoto sasa ni kumi na wanne, na mmoja wao amefika Suratul-Mulk. Ombi la kununua kioo cha kuzuia upepo kifuani, kabla baridi ya Juni haijarudi, limeingizwa katika kumbukumbu za kikao kilichopita. Mjumbe yule mwadilifu ameomba kwanza alete bei za maduka matatu.