Kilwa Kisiwani kwa Kioo Chekundu

Ukivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani kuupiga picha Msikiti Mkuu, jua lisikudanganye. Nilikuwa na filamu moja tu, nyeusi na nyeupe, ya ISO 50. Nikitaka anga ionekane nzito nyuma ya kuta za matumbawe, niliweka kichujio chekundu mbele ya lenzi, nikapiga kwa f/16 na sekunde 1/60, kana kwamba lenzi ilikuwa tupu. Kumbe kichujio kile hupitisha takriban sehemu moja ya nane ya mwanga! Ilinipasa kufungua lenzi hatua tatu, hadi f/5.6, cha manjano kingetaka hatua moja. Filamu iliposafishwa, anga ilikuwa nzito kweli, lakini nguzo na kuba zilizama gizani pamoja nayo. Na mashua ilikwisha kunirudisha Masoko.