Kutoka Mombasa Hadi Kampala: Mlima, Tela na Moto wa Injini

Lori lililobeba mizigo ya Uganda linapotoka bandarini Mombasa huwa lingali usawa wa bahari. Mbele yake ziko kilomita zaidi ya 1,100 za lami mpaka Kampala, na katikati ya safari hiyo, karibu na Timboroa, barabara hupanda kupita mita 2,700. Sehemu kubwa ya bidhaa ziingiazo Uganda hupitia njia hii: mabati, ngano, chumvi, mbolea, nguo na vipuri. Kila tani isiyochukuliwa na reli lazima ipandishwe mlima huo kwa nguvu za injini ya dizeli, na ndani ya injini hiyo mna moto ambao dereva huulinda kama mama alindavyo chungu kilicho jikoni.

Watu wengi hudhani kwamba maadui wa dereva wa trela ni usingizi na majambazi. Hao wapo, na askari wa doria wanawajua. Lakini dereva aliyezeeka katika kazi hiyo akiulizwa ni kitu gani anachokitazama zaidi njiani, atataja sindano ndogo ya geji iliyo kwenye dashibodi.

Jambo lenyewe ni rahisi kulieleza. Mafuta yaunguapo ndani ya silinda, sehemu isiyofika hata nusu ya nguvu yake ndiyo husukuma magurudumu. Iliyobaki ni joto tupu. Sehemu moja hutoka kwa ekzosi, nyingine huchukuliwa na maji kwenda kwenye rejeta, na nyingine hubebwa na oili. Gari tupu kwenye tambarare hutumia mafuta kidogo, na joto lake ni dogo. Gari hilohilo likifungiwa tela na kuelekezwa mlimani, hunywa mafuta mara kadhaa ya yale ya awali, huku mwendo wake ukishuka na upepo upitao kwenye rejeta ukipungua. Joto huongezeka wakati uleule ambapo njia ya kulitoa inapungua.

Safari huanza na jaribio la mapema. Kutoka Changamwe kwenda Mazeras barabara hupanda vilima vya pwani, na joto la mchana huko ni la unyevunyevu. Lori hupimwa kwenye mizani ya Mariakani. Lenye ekseli sita haliruhusiwi kuzidi tani 50, pamoja na uzito wake lenyewe. Wako wanaoilalamikia mizani hiyo kwamba inawachelewesha, lakini injini haina sababu ya kuilalamikia.

Baada ya Mariakani huja nyika ya Taru, kavu na tambarare kwa macho. Tambarare hiyo ni ya uongo. Kutoka baharini mpaka Voi msafiri hupanda karibu mita 600 bila kuona mlima wowote, mpaka vilima vya Taita vitokeze upande wa kushoto. Hapa liko jambo ambalo wageni wa njia hii hawalitambui. Katika miezi ya kusi, upepo hutoka baharini kuelekea bara, nalo lori huelekea kaskazini-magharibi. Kwa hiyo upepo humfuata dereva mgongoni. Nahodha wa jahazi angeshukuru, lakini dereva wa lori hupata hasara, kwa sababu gari liendalo kilomita 40 kwa saa likisukumwa nyuma na upepo wa kilomita 25 hupata mbele ya rejeta upepo wa kilomita 15 tu. Feni ndiyo hubaki na kazi yote. Ndiyo sababu madereva wenye busara huivuka nyika hiyo usiku au alfajiri, na lori likichemsha hulisimamisha likiwa limeelekea upepo, kama nafasi ya kuligeuza ipo na ni salama.

Kabla ya yote hayo, kazi ya utingo huwa imefanyika. Mapezi ya rejeta huziba kwa mbegu za nyasi, wadudu na matope yaliyochanganyika na oili, na uchafu huo hutolewa kwa maji yapigwayo kutoka upande wa injini kwenda nje, wala si kwa kijiti. Mkanda wa feni hubonyezwa kwa kidole gumba. Mipira ya maji huminywa, na ule uliolainika kama ndizi mbivu hubadilishwa hapohapo, maana mlimani hauna msamaha.

Baada ya Voi barabara hupita kati ya mbuga za Tsavo, penye udongo mwekundu na ndovu wa rangi hiyohiyo, kisha Mtito Andei, Emali na Sultan Hamud, ikipanda polepole mpaka Nairobi, iliyo karibu na mita 1,700. Kutoka hapo malori hupanda tena kupita mita 2,200 upande wa Limuru, yakitoka katika baridi ya mashamba ya chai. Ghafla ardhi hukatika. Bonde la Ufa liko chini, na mlima Longonot umesimama katikati yake.

Barabara ya zamani iteremkayo kwenda Mai Mahiu ilijengwa na Waitaliano waliotekwa katika Vita Kuu ya Pili. Chini ya genge waliacha kanisa dogo walilolijenga katika miaka ya 1940, na hata leo madereva hulipita wakiwa wameshika usukani kwa mikono miwili. Katika mteremko huo injini hupumzika. Mguu ukiondolewa kwenye mafuta, hakuna kinachoungua ndani ya silinda, ilhali feni na pampu ya maji zinaendelea kuzunguka, na sindano ya geji hurudi chini. Joto sasa limehamia kwenye breki. Uzito wa tani 50 ukishuka mita mia kadhaa lazima utoe nguvu yake mahali fulani, na ikiwa dereva hakuweka gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, nguvu hiyo yote huingia katika ngoma za breki mpaka zitoe moshi na harufu ya kuungua. Kanuni ya zamani husema gari literemke kwa gia ileile ambayo lingeihitaji kupandia. Kanuni hiyo haijapata mbadala.

Kutoka Naivasha na Gilgil njia ni ya kupendeza, penye maziwa na punda milia kando ya barabara. Nakuru ni mahali pa kula na kulala. Anayelala Nakuru akaondoka kabla ya jua kuchomoza amejifanyia hisani, kwani kutoka hapo kwenda Salgaa, Sachangwan na Mau Summit ndipo kazi yenyewe ilipo.

Hapa dereva mgeni hukosea kwa namna moja. Huona gari likipungua nguvu, naye hukandamiza mafuta hadi mwisho akibaki kwenye gia kubwa. Injini huzunguka polepole ikinguruma kwa taabu. Feni na pampu ya maji huendeshwa na injini hiyohiyo, kwa hiyo nazo huzunguka polepole, na mafuta mengi huingia katika kila pigo la pistoni. Dereva mzoefu hupunguza gia mapema kabla injini haijalemewa, huacha izunguke kwa wepesi wa katikati, kisha hulegeza mguu kidogo. Hupoteza kilomita chache kwa saa. Utingo akisema, “Mzee, geji inapanda,” hupoteza nyingine tano, huzima kipoza hewa kama kipo, na hufungua hita ya ndani hata kama abiria watalalamika, maana hita nayo ni rejeta ndogo.

Urefu wa mlima huongeza taabu mbili. Ya kwanza ni hewa. Kule Timboroa zaidi ya robo ya mkandamizo wa hewa uliopo Mombasa haipo tena. Injini ya zamani ambayo pampu yake ya dizeli hupima mafuta bila kujali urefu hujikuta na mafuta mengi na hewa kidogo, hivyo hutoa moshi mweusi, na moto wa ekzosi hupanda. Moshi huo ni mafuta yaliyolipiwa yasiyofanya kazi, na dawa yake ya haraka ni kulegeza mguu. Turbo husaidia kwa kusukuma hewa zaidi, lakini lazima izunguke kwa kasi zaidi, nayo hupata moto zaidi.

Taabu ya pili ni maji. Baharini maji huchemka kwa digrii 100 za sentigredi. Karibu na Timboroa huchemka kwa digrii 91 hivi. Kifuniko cha rejeta chenye springi nzima hubana mvuke na kupandisha kiwango hicho kwa digrii 15 hadi 25, kufuatana na nguvu ya springi, na dawa ya kulanti huongeza kidogo. Lakini ni mara ngapi kifuniko kimepotea na mahali pake pameweka kitambaa na gunzi la hindi? Gari la namna hiyo laweza kufika Nairobi bila matata. Mlimani, injini ikifikia joto lake la kawaida kabisa, maji yake huanza kuchemka, na dereva hushangaa kwa nini gari zima limechemsha penye baridi ya kuvaa sweta.

Oili ni mpole zaidi, na kwa hiyo ni hatari zaidi. Maji hupanda joto kwa dakika chache na hushuka kwa dakika chache. Oili hupanda polepole, na huendelea kuwa na moto baada ya geji ya maji kutulia. Katika kazi nzito digrii 100 au 110 si ajabu. Ikipita 130 huanza kuharibika upesi, huwa nyepesi na hushindwa kutenganisha vyuma. Magari mengi hayana geji ya joto la oili. Dalili huonekana kwenye geji ya mgandamizo wake, au taa nyekundu inayopepesa gari linaposimama baada ya mlima mrefu. Hiyo si taa ya kuzoelewa.

Na hapo ndipo turbo nyingi hufa, katika kusimama. Dereva afikapo kileleni amechoka na anataka chai, huzima injini mara moja. Mhimili wa turbo ulikuwa ukizunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika kando ya moto wa ekzosi, na oili iliyokuwa ikiupoza husimama ghafla na kuungua kuwa makaa. Dakika tatu hadi tano za kuacha injini inguruma polepole zingetosha. Ikiwa gari limechemsha lakini maji hayajamwagika, huachwa vilevile likizunguka kwa wepesi kidogo mpaka sindano irudi. Ikiwa mpira umepasuka na maji yametoka, huzimwa papo hapo. Kifuniko hakiguswi mpaka rejeta ivumilie kiganja cha mkono, wala maji baridi hayamwagwi katika injini yenye moto, kwani silinda hedi hupasuka, na uso wa utingo huungua kwa mvuke.

Liko jambo la aibu katika sehemu hii ya barabara. Lori likisimama mlimani, utingo huweka mawe nyuma ya magurudumu. Ni sahihi. Kisha gari hupona, huondoka, na mawe hubaki katikati ya lami. Atakayekuja saa nane za usiku na pikipiki au basi hatayaona. Askari wa barabarani wa nchi zote za Afrika Mashariki wanayajua mawe hayo.

Milima hii imekwisha kuchukua watu wengi. Tarehe 31 Januari, mwaka wa 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, watu wakakusanyika kuteka mafuta, moto ukalipuka na kuua zaidi ya 100. Tarehe 30 Juni, mwaka wa 2023, katika njia panda ya Londiani, upande wa barabara ya Kericho, lori lenye kontena liliacha njia na kuwaingilia wafanyabiashara na abiria kando ya barabara, wakafa zaidi ya 50. Akina mama waliokuwa wakiuza mboga hapo hawakuwa na geji yoyote ya kutazama.

Baada ya Timboroa njia huanza kuteremka kupitia Burnt Forest, Eldoret na mji mdogo uitwao Turbo, jina linalowachekesha mafundi, kisha Webuye na Bungoma mpaka Malaba. Upande wa Uganda mwamba wa Tororo huonekana kutoka mbali. Joto hurudi, lakini vilima ni vidogo, na oili hupata nafasi ya kutulia. Huko ndiko huonekana pia msafara wa aina nyingine: pikapu ya dizeli yenye kitanda, magodoro, jiko na baiskeli za watoto, ikivuta tela lenye viazi na mabati, mali ya askari aliyepata uhamisho. Yaliyosemwa juu ya lori yanaihusu pikapu hiyo maradufu, kwa kuwa injini yake ni ndogo, rejeta yake ilipimwa kwa ajili ya gari pekee, na mizigo iliyofungwa juu ya paa hukamata upepo. Mama aliyekaa mbele na mtoto mapajani aweza kusoma geji vizuri kama utingo yeyote, akiambiwa tu sindano husimama wapi siku za kawaida.

Jinja hupitwa juu ya daraja jipya la Nile lililofunguliwa mwaka wa 2018, kisha msitu wa Mabira, Mukono, na foleni ya Kampala, ambayo kwa injini yenye moto ni mlima mwingine usio na urefu. Lori huingia yadi usiku. Injini huachwa ikinguruma dakika tano huku utingo akifungua turubai. Asubuhi, vyuma vikiwa vimepoa, dereva huvuta kijiti cha oili, hukifuta kwa kitambaa, hukirudisha na kukivuta tena, kisha hukinusa kama kina harufu ya kuungua kabla ya kumwita tajiri aje kuhesabu mizigo.