Siku Mbili katika Mji wa Bruges

Huenda wengi wenu mmekwisha kuona picha ya mji wa Bruges hata bila kulijua jina lake: nyumba nyembamba za matofali, kuta zake za mbele zimepanda juu kama ngazi, na maji matulivu yanapita chini ya madaraja ya mawe. Wenyeji wake, Waflamandi, huuita Brugge. Mimi ni mwana wa Bukavu, nasoma huku Leuven, na mwaka mzima ulipita nisiuone mji huo, kwa maana masomo ni mengi na fedha ni chache. Mitihani ilipokwisha tukafanya shauri watu wanne kwenda kulala huko usiku mmoja: mimi, mwenzangu Mrega wa Maniema, Mrundi mmoja, na kijana Mflamandi tunayesoma naye.

Treni ilituchukua Jumamosi asubuhi, ikapita Bruxelles na Gand, na kabla ya saa sita tulikuwa tumefika. Mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua nyembamba ya huku, isiyo na ngurumo wala haraka, ambayo humlowesha mtu bila yeye kujua ilianza saa ngapi.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni hili: mji umejaa maji, lakini bahari haionekani. Mflamandi wetu akatueleza. Mwaka 1134 tufani kubwa ilipasua pwani, ukatokea mkono wa bahari ulioitwa Zwin, ukaingia nchi kavu kuelekea Bruges. Kwa njia hiyo zikaja merikebu zenye sufu ya Uingereza na divai ya Ufaransa, wakaja na wafanya biashara wa Italia. Katika karne ya 14 Bruges ulikuwa mmoja wa miji tajiri sana ya Ulaya ya kaskazini. Kisha mchanga na matope vikaanza kuujaza ule mkono wa bahari, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Watu walichimba, wakachoka. Wafanya biashara wakahamia Anvers, na Bruges ukawa maskini kwa muda mrefu sana. Kumbe umaskini huo ndio uliouhifadhi! Wenyeji hawakuwa na mali ya kubomoa nyumba za babu zao na kujenga mpya, na leo wageni huja kwa maelfu kuzitazama nyumba hizo hizo. Bandari mpya ya Zeebrugge, iliyofunguliwa mwaka 1907, iko mbali kidogo, pwani. Sisi wa Kivu, tunaoona kila msimu wa mvua jinsi udongo wa milima unavyoteremka ziwani, habari ya matope haihitaji kuelezwa mara mbili.

Tukapanda mnara wa sokoni, wenye urefu wa mita 83 na vidato 366. Mrundi alivihesabu kwa sauti kubwa mpaka 200, kisha akanyamaza, maana pumzi ilikuwa imemwishia. Kule juu zimo kengele 47, nazo zilipolia tukaziba masikio na kucheka kama watoto.

Lakini jambo ninalotaka hasa kuwasimulia ni la Jumapili. Alasiri tuliingia katika kanisa la Bibi Yetu, ambalo mnara wake wa matofali unapita mita 115. Humo imo sanamu ya Mama Maria na Mtoto wake, ya marmari nyeupe, kazi ya Michelangelo. Wafanya biashara wa Bruges, wa ukoo wa Mouscron, waliinunua Italia mwanzoni mwa karne ya 16. Si kubwa. Mama ameketi, naye Mtoto hakupakatwa: amesimama katikati ya magoti ya mamaye, mguu mmoja tayari kushuka. Mama anamshika mkono, lakini hamvuti. Macho yake yanatazama chini, kama mama ajuaye kwamba mwana ataondoka. Nilisimama hapo muda mrefu, nikimkumbuka mama yangu siku ile uwanjani Kavumu, nilipopanda ndege.

Mflamandi akatunong'oneza historia yake. Mwaka 1794 majeshi ya Ufaransa yaliichukua sanamu mpaka Paris. Napoleon aliposhindwa, ikarudishwa. Mwaka 1944 askari Wajerumani, walipokuwa wakikimbia, waliiiba tena, wakaifunga katika magodoro na kuipakia katika lori la Msalaba Mwekundu. Mwaka 1945 ikaonekana katika mgodi wa chumvi wa Altaussee, nchi ya Austria, ikarudi mahali pake.

Ndipo Mrega akauliza kwa sauti ya upole, «Mara mbili ilichukuliwa, na mara mbili ikarudi. Je, vile vya kwetu?»

Mflamandi hakujibu upesi. Karibu na Leuven, huko Tervuren, lipo jumba la makumbusho lenye vitu zaidi ya laki moja kutoka Afrika, vingi vyao vya Kongo. Vimo na vinyago na sanamu za pembe za Warega, vitu vya chama cha Bwami, ambacho serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku mwaka 1948. Babu yake Mrega alikuwa mtu wa Bwami. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine vilinyang'anywa; wala hatupaswi kusahau kwamba wamisionari nao walipeleka vyao.

Hatimaye Mflamandi akasema kwamba mwaka 2022 Mfalme Philippe alipeleka Kinshasa kinyago cha Wasuku kiitwacho Kakuungu, na mwaka huo huo Ubelgiji ikaweka sheria ya kurudisha vitu. Mrega akajibu kwamba anajua. Tena anajua kwamba kinyago kile kilipelekwa kwa mkopo tu. «Sanamu hii,» akasema, «hawakuikopesha Bruges.»

Tukanyamaza wote. Nikamnunulia mama kadi yenye picha ya sanamu.

Jioni, ndani ya treni, Mrundi alilala usingizi, nami nikaandika kadi yangu magotini. Tulipokuwa tumepita Bruxelles, Mflamandi alimgeukia Mrega, akamwambia kwamba tangu utoto hajaingia Tervuren, na kwamba wakati ule hakuona kitu ila tembo aliyekaushwa. Akamwuliza kama Jumamosi ijayo angekubali kwenda naye, amwonyeshe vitu vya babu yake.

Mrega alitazama mvua dirishani. «Twende,» akasema. «Lakini utanipa nafasi nivitazame kwanza peke yangu.»