Mizabibu ya Wagonjwa



Kutoka Dijon hadi Beaune, nchini Ufaransa, ni kilomita zipatazo 40 tu, na karibu njia yote ina mizabibu upande wa magharibi. Sisi makatekista watatu wa Kivu, tuliokuwa huko kwa mafunzo, tuliipita njia hiyo Jumamosi na Jumapili moja ya mwezi wa kumi, ndani ya gari dogo la mzee wa parokia iliyotupokea. Tulipita Gevrey-Chambertin, Vougeot na Nuits-Saint-Georges, miji midogo yenye majina makubwa. Kwetu sisi divai twaijua hasa katika kalisi ya Misa, nayo imetoka mbali. Hapo tuliona majani yake yakigeuka manjano.

Huko Vougeot mzee alituonyesha ukuta wa mawe unaozunguka hekta zipatazo 50. Shamba hilo lilianzishwa na watawa wa Cîteaux, monasteri iliyoundwa mwaka 1098. Walikuwa wameweka nadhiri ya ufukara, lakini hawakuuelewa ufukara kuwa ni kukaa bila kulima.

Jumapili, baada ya Misa, tuliingia hospitali ya kale ya Beaune. Nicolas Rolin, kansela wa Mtemi wa Burgundy, na mkewe Guigone de Salins waliianzisha mwaka 1443, wakati vita na njaa vilikuwa vimewaacha watu mikono mitupu. Katika ukumbi mkubwa vitanda vimepangwa pande mbili, na mwishoni kuna kanisa dogo, ili mgonjwa aifuate Misa akiwa amelala.

Mwenzetu mmoja alisimama hapo muda mrefu. Mwaka uliotangulia, mke wake alizuiliwa siku 17 katika hospitali moja ya kwetu baada ya kujifungua, kwa sababu ya deni. Akauliza kwa sauti ya chini: “Mzee, hawa walilipa nini kabla ya kuruhusiwa kutoka?”

“Mwanangu, maskini hawakulipa. Mizabibu ndiyo iliyolipa.”

Kisha akatueleza. Tangu karne ya 15 waamini waliiachia hospitali vipande vya mashamba yao, huyu mistari michache, yule kilima kizima. Leo mashamba hayo ni hekta zipatazo 60. Tangu mwaka 1859 divai yake huuzwa kwa mnada, siku hizi Jumapili ya tatu ya mwezi wa kumi na moja, na mapato husaidia hospitali. Wagonjwa walitunzwa katika jengo lile hadi mwaka 1971.

Ndugu, sisi nasi tuna huruma. Mama akizuiliwa hospitalini, tunapitisha kikapu baada ya Misa, tunapata nusu ya deni, na mwezi unaofuata kikapu kinapita tena kwa ajili ya mwingine. Wale watu wa Beaune walitoa kitu kinachozaa kila mwaka, hata mtoaji akiwa kaburini.

Mzabibu hungojewa miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa, na kahawa yetu vilevile. Basi tunapendekeza kwamba katika mkutano ujao kila kundi lije na jibu moja: ni kipande gani cha ardhi, hata kiwe kidogo, tunachoweza kukipanda kahawa na kukiita shamba la wagonjwa? Mwenzetu yule amekwisha kutoa miche 40.