GAMELI YA BABA YA BABU

Mara nyingi katika kurasa hizi sisi kapita tunawaandikia juu ya usafi, kengele, na wale wanaochelewa kwenye sala ya asubuhi. Leo tunawaachilia kidogo. Tunataka kuwasimulia jambo lililotupata nyumbani, ambalo nusura litugombanishe na baba mukubwa.

Kwetu, ndani ya kabati ya sebule, mna gameli. Kwa wale wasioijua: ni sahani ya askari, ya bati gumu, yenye pembe nne na mkono wa kukunja. Mama huweka sukari mle. Mgeni akikaa tu, anaelezwa kwamba baba ya babu aliwanyang'anya Waitalia gameli hiyo kule Saio, katika vita vya 1941. Babu alisimulia hivyo mpaka kufa kwake. Baba mukubwa anasimulia hivyo. Na sisi wenyewe tulisimulia hivyo zamani mbele ya darasa, tena tukaongeza bunduki ambayo haikuwapo kamwe.

Jina la Saio si geni kwetu watu wa Bukavu. Nani hajui Camp Saio? Lakini wengi hawajui kama Saio ni mji wa Abisinia, ndiyo Ethiopia, na leo unaitwa Dembi Dolo. Askari wa Force Publique walipita Aba, wakaingia Sudani, wakapanda meli juu ya mto Nile. Walipigana Asosa na Gambela mwezi wa tatu 1941. Tarehe 3 mwezi wa saba, jenerali Gazzera wa Waitalia akajitoa mikononi mwa jenerali Gilliaert. Makamanda walikuwa Wabelgiji, lakini miguu iliyotembea ilikuwa ya Wakongo. Basi mtaona kwamba si jambo dogo kuwa na gameli ya Saio ndani ya nyumba.

Likizo ya Pasaka, wazee walisema historia ya jamaa iandikwe katika kaye, kwa sababu wanaoijua wanaisha. Kazi tukapewa sisi. Tukatoa sukari, tukasugua gameli kwa majivu ili tuichore vizuri. Juu ya mkono wake, chini ya uchafu wa miaka yote, tukakuta herufi zilizofutika, mshale mdogo wa mistari mitatu, na namba: 1942.

Tukasoma tena. 1942. Saio ilianguka 1941. Mtu atanyang'anyaje kitu ambacho hakijatengenezwa?

Hatukusema neno. Tuliporudi masomoni tulimwonyesha mwalimu wa historia mchoro wetu. Alicheka, halafu akaeleza. Mshale ule ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na Waingereza waliupiga juu ya vitu vya jeshi lao tangu zamani sana. Waitalia wa Mussolini walikuwa na desturi nyingine: mara nyingi walihesabu miaka ya utawala wake kwa namba za Kirumi. Juu ya gameli yetu hakuna namba ya Kirumi hata moja. Lakini alituonya: mwaka 1942 unaonyesha tu kwamba kitu hakikuwapo mbele yake; hauonyeshi nani alikipokea wala wapi. Askari huuza, hubadilishana, huiba. Akasema, "Nendeni kuuliza watu, chuma kimekwisha kusema."

Mtu wa kuulizwa alikuwa mmoja tu, bibi, dada mkubwa wa babu, aliyezaliwa mbele ya vita. Tukaenda kwake siku ya Mungu, baada ya ibada. Tulipotaja Saio alitutazama sana.

"Baba hakufika ku Saio hata siku moja," akasema. "Ile mwaka alikuwa angali anakata miti kwa muzungu. Walimukamata uaskari nyuma. Walimupeleka Nijeria, halafu wakapanda kamyo mu muchanga siku mingi, mupaka Misri. Kule Waingereza ndio walimupatia gameli na blanketi. Blanketi tulizikia mama."

Tukauliza alipigana na nani. "Na nani? Alichunga depo. Alichunga wafungwa. Yeye mwenyewe alisema vita yake ilikuwa kusimama usiku."

Na kweli, vitabu vinakubaliana naye. Wakongo walipelekwa Nijeria kwa sababu Waingereza waliogopa makoloni ya Ufaransa ya jirani yaliyoshika upande wa Vichy. Kutoka kule, 1943, wengine walivuka jangwa kwa magari, wengine walikwenda kwa meli. Katika Misri na Palestina walilinda, na 1944 walianza kurudi. Hakuna kambi ya Bukavu inayoitwa Misri. Tunafikiri babu, akiwa mtoto, alisikia Saio kila siku barabarani, akampa baba yake lile jina lililokuwa na heshima.

Baba mukubwa aliposikia alisimama. "Weye mutoto, masomo tunakulipia ndio inakufundisha kupunguza tate yako?" Tuliogopa, tusifiche. Tukamwambia juu ya koplo Albert Kunyuku, aliyetumwa mbali mpaka Birmania, na mfalme Philippe wa Ubelgiji akamvika nishani Kinshasa mwaka 2022. Yeye pia hakuwa mtu wa Saio. Baba mukubwa akanyamaza. Bibi akasema, "Baba hakudanganya. Ninyi ndio mulidanganya juu yake." Hapo mama akaleta chai, na sukari ilikuwa ndani ya kopo la maziwa, maana gameli ilikuwa mezani katikati yetu.

Kabla ya kulala baba mukubwa alituita nje. Akauliza kutoka Nijeria mpaka Misri ni mbali namna gani. Tukamchorea ramani nyuma ya barua moja ya kanisa: Lagos hapa, mchanga hapa, Cairo hapa. Akaishika karibu na taa muda mrefu, akauliza walipata wapi maji njiani. Hilo hatukuweza kumjibu. Akakunja karatasi, akaiweka mfukoni mwa shati.